UZI: Matawi ya Itto-ryu, jinsi ya kuyatofautisha kwa kutazama mikono ya anayepigwa

Bapa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Video za kata (mazoezi ya wawili yenye hatua zilizopangwa) za Itto-ryu, shule ya kale ya upanga ya Japani, zimejaa mtandaoni, na nyingi zimeandikwa "Itto-ryu" tu, kana kwamba ni kitu kimoja. Halafu mtu anatazama mbili zisizofanana, anaamua kwamba moja ni feki. Mara nyingi hakuna feki. Ni matawi tofauti.

Nasaba kwanza, kwa ufupi. Mwasisi ni Ito Ittosai Kagehisa, karne ya 16. Mwanafunzi wake Mikogami Tenzen, aliyekuja kuitwa Ono Jiroemon Tadaaki, aliingia katika utumishi wa Tokugawa, ukoo wa mashogun, mwaka 1593 na kumfundisha upanga Hidetada, shogun wa pili. Tadaaki alifariki 1628. Njia yake ndiyo Ono-ha ("ha" ni tawi). Mwanawe Tadatsune alikuwa na mwanafunzi, Mizoguchi Shingoemon Masakatsu, ambaye tawi lake lilikuja kutia mizizi Aizu. Karne ya 18 likatokea tawi la Nakanishi pale Edo (Tokyo ya leo), na kutoka humo akatoka Chiba Shusaku aliyeanzisha Hokushin Itto-ryu miaka ya 1820. Wa mwisho ni Yamaoka Tesshu na Itto Shoden Muto-ryu, miaka ya 1880. Kogen Itto-ryu ya ukoo wa Henmi kule Chichibu naiacha, hiyo inastahili uzi wake.

Hoja yangu ni hii: usihangaike na hakama (suruali pana) wala na kamae (mkao) ya kuanzia. Tazama mambo mawili. La kwanza, kiriotoshi, yaani mkato wa kuangusha upanga wa mwenzako, inafanywaje. La pili, anayepigwa amevaa nini mikononi. Tofauti nyingine nyingi zinatokana na hayo mawili.

---

Seigan_Bora

Mkuu Bapa, anza na kiriotoshi yenyewe. Wengi humu wanadhani ni kuupiga upanga wa mwenzako chini.

---

Bapa

Hapo ndipo penye kosa kubwa, ngoja nieleze taratibu.

Kata ya kwanza ya Ono-ha inaitwa hitotsugachi. Wako wawili: uchikata ni mwalimu au mkubwa, ndiye anayeshambulia na kushindwa. Shikata ni mwanafunzi, ndiye anayeshinda. (Kwenye kendo mmezoea kusema uchidachi na shidachi, ni majukumu yale yale.) Wote wawili wanakuja kwa seigan, ncha mbele. Uchikata anauinua upanga pembeni mwa bega la kulia, anakata kichwa moja kwa moja. Shikata naye anakata kichwa, kwenye mstari ule ule, ila anaanza nyuma kidogo.

Maana yake panga mbili zinashuka kwenye njia moja, na njia hiyo haiwezi kubeba zote mbili. Ule unaoshuka ukiwa juu, ukiwa umenyooka na mwili uko nyuma yake, unausukuma mwingine nje ya mstari kwa shinogi, yaani ule mwinuko unaopita kwenye bapa la upanga. Hakuna kupiga ubavuni. Hakuna kukinga kisha kukata. Ni mkato mmoja tu, na unapomalizika ncha ya shikata tayari imeelekea koo la uchikata, upanga wa uchikata umeporomoka pembeni. Kutoka hapo anachoma. Uchikata anarudi nyuma, shikata anamfuata na kupiga kifundo cha mkono, anamaliza kwa zanshin, yaani kubaki macho baada ya pigo.

Yanayoharibika, kwa mpangilio wa ninavyoyaona kwenye video:

Kuanza mapema. Shikata akitangulia, uchikata bado hajajitoa, upanga wake unaweza kubadili njia. Hapo hakuna kilichoporomoshwa, umekata hewa mbele ya mtu mwenye upanga juu.

Mkono wa kulia kubana. Ncha inavutwa kushoto na mkato unageuka kuwa kufagia. Utaujua kwa sauti: mbao zinalia "pa!" kali ya kugongana. Kiriotoshi safi ina sauti ya kuteleza, kavu na fupi.

Kiuno kubaki nyuma. Mikono inakwenda, mguu unachelewa. Panga zinakutana karibu na uso wa shikata badala ya katikati, na hapo mwenye mwili mzito ndiye anashinda.

Kusimama kati ya kuangusha na kuchoma. Hili hata wazoefu wanalo. Ukiona kituo, hata kifupi, ujue mkato uliishia chini mno, ncha ikapita usawa wa koo, sasa anainyanyua ili achome. Ncha ingeishia palipotakiwa, kuchoma kungekuwa ni kusogeza mguu tu.

---

Mchonga_Mwaloni

Umeeleza vizuri. Niongeze upande wa vifaa, kwa sababu vifaa ndivyo vinavyoamua mkato unakwenda mpaka wapi.

Kwenye Ono-ha uchikata anavaa onigote. Ni glavu kubwa za ngozi ya kulungu, zimejazwa kwa ndani mpaka zinavimba, zinafunika vidole, kiganja na kifundo kupanda mkononi. Ukiziona huwezi kuzichanganya na "kote", glavu za kendo. Ni nene zaidi na umbo lake ni la mviringo. Ndani yake uchikata hawezi kuushika mpini kwa wepesi, ndiyo maana mwendo wake huonekana wa mkatomkato. Watu wanadhani hajui.

Faida yake: shikata anapiga kwelikweli. Upanga wa mbao unatua kifundoni kwa uzito wote, bila breki. Mwanafunzi anajifunza kumaliza mkato, viganja vinabana wakati wa kutua na si kabla.

Madhara yake yapo pia. Kwanza, uchikata mvivu huuacha mkono mahali pamoja kama shabaha, na shikata anazoea kupiga kitu kilichokufa. Uchikata anatakiwa arudi nyuma akiwa bado na nia ya kukata, mkono uwe unapita kwenye nafasi ile. Pili, shikata asiyepima umbali anapiga juu ya glavu, kwenye mfupa wa mkono, na hapo hakuna ngozi ya kukuokoa. Kwa hiyo ma-ai, umbali kati ya wawili, inapimwa kwanza. Ncha zikikutana kwenye seigan zipishane kidogo tu, kama sun tatu, sentimita 9 hivi. Zikipishana zaidi ya hapo hatua ya kwanza tu itakupeleka juu ya kiwiko.

---

Binti_Aizu

Habari zenu wadau. Niwape Mizoguchi-ha, maana kila uzi wa Itto-ryu huitaja kwa sentensi moja na kuipita.

Mizoguchi hawana onigote. Hilo peke yake linakuonyesha kwamba mkato unaishia mahali pengine: shikata anasimamisha upanga kwenye ngozi, au karibu kabisa. Kwa hiyo kinachofundishwa ni kuushika mkato usivuke, na macho makali ya kujua umbali.

Lakini alama yao hasa ni kushoto na kulia. Mfululizo wao ni mfupi mno ukilinganisha na Ono-ha: kata tano za upanga mrefu na tatu za kodachi, upanga mfupi. Zile tano zinafanywa kwa upande mmoja, kisha zinafanywa kwa upande wa pili. Kamae inahamia upande mwingine, mguu wa kutangulia unabadilika. Anayetoka Ono-ha au kendo anachanganyikiwa hapo hapo, kwa sababu miaka yote mguu wake wa kulia ndio uliokuwa mbele.

Kosa la kawaida la wanaojaribu kuiga: wanabadilisha miguu lakini kiuno kinabaki kimeelekea upande wa mwanzo. Nyonga ya kulia inabaki mbele, mguu wa kushoto ndio umetangulia, mwili umejisokota. Mkato ukishuka hapo unapinda kuelekea kulia. Anza na nyonga, mguu utafuata wenyewe.

Ono-ha wanapenda kushinda mstari wa katikati kwa kuukalia. Mizoguchi wanauhama na kuurudia. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kwenye familia hii nzima, kubwa kuliko ile ya Ono na Hokushin ambayo watu wanaipigia kelele.

---

Mtazamaji_K

Hapo nina swali dada. Kama glavu ndiyo alama, mbona Hokushin Itto-ryu nao wanazivaa? Na kata yao ya kwanza pia inaitwa hitotsugachi. Mimi naona ni Ono-ha ile ile yenye jina jipya.

---

Bapa

Mtazamaji_K, swali zuri, na ndiyo sababu nilisema mambo mawili, si moja. Glavu inakutenga na Mizoguchi. Haikutengi na Hokushin.

Kwa Hokushin rudi kwenye kiriotoshi, na tazama ncha kabla haijaanza. Kwenye seigan ncha yao haitulii. Inatikisika juu na chini, kidogo kidogo, kama mkia wa kitwitwi, na wenyewe wanaiita hivyo hivyo, sekirei no o. Sababu ni ya kiufundi: ncha iliyoganda inasomeka, na mkono ulioganda unahitaji kwanza ulegee ndipo uondoke. Ncha inayocheza inaficha mwanzo wa mkato. Ono-ha ncha imetulia kimya, na mkato unaanza kutoka kimya hicho.

Makosa ya kuiga sekirei: watu wanatikisa kwa vifundo, ncha inachora nusu duara. Mtikisiko unatoka kwenye kiganja cha kushoto, vidole viwili vya mwisho vikibana na kulegea, na ncha isitoke nje ya upana wa shingo ya mwenzako.

Halafu kumbuka Chiba alifika Itto-ryu akiwa na upanga wa kwao tayari, Hokushin Muso-ryu. Jina la shule yake linabeba zote mbili. Alisoma kwa Asari Matashichiro Yoshinobu kule Matsudo, kisha kwenye dojo ya Nakanishi, akajitenga na kufungua Genbukan pale Edo. Alichokifanya kikubwa ni kupanga mafundisho. Ngazi nane za hati za Ono-ha akazifanya tatu. Mbinu za shinai (upanga wa mianzi wa mazoezi) akazihesabu na kuzigawa kwa shabaha: kichwa 20, kuchoma 18, kifundo 12, tumbo 7, na za mfululizo 11. Jumla 68. Mwanafunzi alijua anajifunza nini na amebakiza nini. Dojo yake ilijaa, na sishangai.

---

Seigan_Bora

Hapo umegusa shinai. Huo ndio mgogoro wa kweli wa ukoo huu na ulianza kabla ya Chiba.

Nakanishi Chuzo Tsugutate ndiye aliyeingiza shinai na mavazi ya kinga kwenye mazoezi ya tawi lake, kipindi cha Horeki (1751–1764). Hakuwa wa kwanza Japani, Naganuma Kunisato wa Jikishinkage-ryu alitangulia mwanzoni mwa karne ile. Ila kwa Itto-ryu lilikuwa jambo zito, maana shule nzima ilisimama juu ya kata.

Ndani ya dojo ile ile ya Nakanishi alikuwepo Terada Muneari, aliyekataa shinai kabisa na kufanya kata tu. Na sababu yake si ukaidi. Kiriotoshi kwa shinai ni ngumu kuipata: shinai ni ya mviringo, haina shinogi, mianzi inapinda na kurudi. Panga mbili za mbao zikikutana kwenye mstari mmoja, iliyonyooka zaidi inaishinda nyingine. Shinai mbili zikikutana, zote zinaruka. Kwa hiyo ukifundisha kwa shinai zaidi, kiriotoshi inapungua na mahali pake panachukuliwa na suriage (kuuteleza upanga wa mwenzako ukiinua wako) na harai (kuufagia pembeni). Ukibaki na kata tu, kiriotoshi inabaki hai, lakini uchikata anajua tayari nini kitatokea. Kila upande una hasara yake.

---

Mchonga_Mwaloni

Na urefu wa shinai nao ulivuruga mambo. Oishi Susumu wa Yanagawa alipokuja Edo miaka ya 1830 alikuwa na shinai ya zaidi ya shaku 5, yaani mita moja na nusu. Alikuwa mtu mrefu, akachoma watu wengi mbele ya dojo zao. Wengine wakaanza kurefusha. Kobusho, shule ya kijeshi ya shogun iliyofunguliwa 1856, ikaweka ukomo wa shaku 3 na sun 8, kama sentimita 115. Mpaka leo kendo iko karibu na hapo.

Sasa angalia Yamaoka Tesshu alichofanya baadaye: akarudi shaku 3 na sun 2, sentimita 97. Karibu sentimita 18 pungufu. Hiyo inalazimisha mwili uingie. Huwezi kugusa kwa mbali na kurudi.

---

Mtazamaji_K

Basi tuambieni Muto-ryu. Video zao naziona nzito sana, kelele ndefu, mapigo kama ya kupasua kuni.

---

Seigan_Bora

Uzito huo umekusudiwa, mkuu. Tesshu alipitia Genbukan kwanza, kwa hiyo aliijua Hokushin kutoka ndani. Kisha miaka ya 1860 akakutana na Asari Yoshiaki, mtu wa njia ya Nakanishi, na hakuweza kumshinda kwa miaka mingi. Mwaka 1880 ndipo alipoona ameufungua mlango. Baadaye, 1885, alipokea pia mafundisho ya ndani ya Ono-ha kutoka kwa Ono Nario wa ukoo wenyewe. Kwa hiyo Muto-ryu ilikuwa ni kurudi nyuma kwa makusudi, kutoka kwenye ufundi wa shinai kwenda kwenye kata nzito.

Unayotakiwa kutazama:

Bokuto yao, upanga wa mbao, ni nene na nzito kuliko ya Ono-ha, haina mpindo mkubwa. Uzito huo unamnyima mtu nafasi ya kutumia vifundo peke yake. Ukijaribu kuicheza kama fimbo nyepesi, kiwiko kitakuambia.

Mwanzoni mwanafunzi alifanya uchikomi tu, kushambulia bila kukinga, miaka mitatu. Hakuna mechi. Ndiyo maana kata zao zinaonekana kama kila mkato ni wa mwisho.

Na kulikuwa na seigan, maana yake hapa ni kiapo, si ile kamae. Ya kwanza ni mechi 200 kwa siku moja. Ya pili ni 600 kwa siku tatu, ya tatu ni 1,400 kwa siku saba. Anayepimwa habadilishwi, wapinzani ndio wanaobadilishwa. Kufika siku ya pili mikono haifungi tena kwenye mpini. Kinachobaki ni mwili kuingia mbele, na hicho ndicho Tesshu alikuwa anakitafuta.

Jambo la pembeni ambalo naliona la ajabu: mrithi wa nne wa Muto-ryu ni Kusaka Ryunosuke, yule admirali aliyekuwa mnadhimu mkuu wa Nagumo, kamanda wa meli za Japani kwenye shambulio la Pearl Harbor 1941. Wa tano ni Ishida Kazuto, Jaji Mkuu wa Japani 1969 hadi 1973.

---

Binti_Aizu

Na Ono-ha wenyewe hawakubaki Edo tu. Waliolinda sehemu kubwa ni nyumba ya Tsugaru, mabwana wa Hirosaki kaskazini kabisa mwa Honshu. Sasamori Junzo, aliyezaliwa Hirosaki 1886, alitokea huko. Ndiye mrithi wa 16. Baada ya vita kendo ilipopigwa marufuku, alikuwa mbele kwenye shinai kyogi, mchezo wa shinai laini uliobuniwa mwaka 1950 ili mazoezi yasife. Hokushin nao wana Mito: Tobukan ilifunguliwa kule 1874 na Ozawa Torakichi na bado ipo.

Naliandika hili kwa sababu umbali unaeleza mitindo. Hirosaki, Aizu, Mito, Edo. Edo kulikuwa na dojo nyingi za kushindana nazo, shinai ikashinda. Mbali na Edo, kata zilibaki zimefungwa ndani ya koo na himaya.

---

Kijana_Men

Samahani wakubwa zangu, mimi ni wa kendo. Nihon Kendo Kata si inatokana na Itto-ryu? Kwa hiyo nikijua ile si nimeshaijua kiriotoshi?

---

Bapa

Hapana kijana, na ni vizuri umeuliza.

Nihon Kendo Kata ilitoka 1912, kata 7 za upanga mrefu na 3 za mfupi. Kwenye kamati yake walikuwemo watu wa Itto-ryu: Takano Sasaburo wa njia ya Nakanishi, Naito Takaharu na Monna Tadashi wa Hokushin. Lakini walikaa na Negishi Shingoro wa Shinto Munen-ryu na Tsuji Shinpei wa Shingyoto-ryu. Ni makubaliano ya shule kadhaa.

Kata ya nne ndiyo inayowachanganya watu. Wote wawili wanakata kichwa kwa wakati mmoja, panga zinakutana. Kwa mbali inafanana na kiriotoshi. Tofauti: pale hakuna anayeshinda kwenye mkutano huo. Panga zinabanana, wote wanarudi kwenye chudan (mkao wa kati, ncha mbele), ushindi unakuja baadaye uchidachi anapochoma na shidachi akaugeuza upanga na kukata. Kwenye hitotsugachi, panga zikikutana mambo yamekwisha.

Ukitaka kuhama kutoka kendo kwenda Ono-ha, la kwanza kulivunja ni mguu wa kushoto. Kendo imekuzoesha kisigino juu na kujirusha. Ukifanya kiriotoshi hivyo, mwili uko hewani wakati panga zinakutana, na huna uzito wa kukalia mstari. Fanya kwa ayumi-ashi, hatua ya kawaida ya kutembea, taratibu kabisa, mwenzako akikata polepole. Kasi iongezeke tu pale sauti ya mbao inapokuwa ile ya kuteleza mara kumi mfululizo.

---

Mtazamaji_K

Nimewaelewa. Kuna video hapa: anayepigwa amevaa glavu kubwa, ncha ya mwanafunzi imetulia, bokuto nyembamba yenye mpindo, kata ni nyingi. Nasema Ono-ha.

---

Mchonga_Mwaloni

Ni Ono-ha. Usiishie hapo lakini, tazama kama uchikata anakata kichwa kweli au anakata pembeni ili asimuumize mwanafunzi. Akikata pembeni, shikata hana cha kuangusha, na yote tuliyoyaandika humu huwezi kuyapima kwenye video hiyo. Rudia ukiwa umeangalia ncha ya uchikata tu.